Milango Miwili ya Galia: mwongozo wa kuandika historia mbadala ya Wagalia kando ya Carthage

Waandishi wengi wa historia mbadala, yaani hadithi za "ingekuwaje kama", wakifika Galia hukimbilia vitani. Wanamchukua Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia aliyeshindwa na Julius Caesar wa Roma, wanampa ushindi pale Alesia mwaka 52 KK, kisha wanakaa kujiuliza kifuatie nini, na hadithi inakauka kwenye ukurasa wa kumi. Hata mimi nimefanya hivyo, tena mara mbili. Tatizo ni kwamba kufikia Alesia mambo mengi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kwa mitungi ya divai, ushuru wa mito na daftari za wadai.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujenga dunia ambamo makabila ya Galia, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa, yamekua kando ya taifa la wafanyabiashara bila kumezwa nalo. Mimi nimechagua Carthage, mji wa Kifoinike wa Afrika Kaskazini na hasimu wa Roma. Hatua nimezipanga kama ninavyozifuata mwenyewe mezani. Nyingine ni fupi kwa sababu kazi yake ni fupi.

Hatua ya 1: Chagua tukio dogo, tena la fedha

Mwaka 241 KK, Roma na Carthage zilikuwa zimepigania Sisilia kwa zaidi ya miaka 20. Hazina ya Roma ilikuwa tupu. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba merikebu 200 zilizoishinda Carthage kwenye visiwa vya Aegates zilijengwa kwa fedha za watu binafsi: tajiri mmoja peke yake, au wawili watatu kwa pamoja, waligharimia merikebu moja, kwa makubaliano kwamba watarudishiwa chao mambo yakienda vizuri.

Gusa hapo. Waache matajiri wale wasite. Wameshuhudia merikebu mamia zikizama, mkopo wenyewe hauna rehani, na mtu mwenye akili timamu angeweza kusema hapana. Hakuna jemadari anayekufa ghafla wala dhoruba ya miujiza. Watu kadhaa wanafunga mifuko yao, basi.

Sasa fuatilia fedha. Katika historia ya kweli Carthage ilitakiwa kuilipa Roma talanta 3,200 za fedha (talanta ni kipimo cha kale cha uzito) kwa miaka 10. Ikashindwa kuwalipa askari wake wa kukodiwa, wakaasi, na Roma ikatumia fujo hiyo kuinyang'anya Sardinia. Mwaka 237 KK Hamilcar Barca, jemadari wa Carthage, akaenda Hispania kutafuta madini na askari wa kufidia hasara, akamchukua na mwanawe mdogo, Hannibal. Ukiondoa lile deni, mlolongo wote huo unalegea. Carthage inabaki na visiwa vyake na Roma inabaki nguvu ya nchi kavu ndani ya Italia. Galia nayo inabaki na wafanyabiashara wawili wa baharini wanaogombea pwani yake: Wagiriki wa Massalia, mji ambao leo unaitwa Marseille, na watu wa Carthage.

Kuna watakaokuuliza kwa nini usianzie Cannae mwaka 216 KK, Hannibal alipoiangamiza Roma uwanjani. Unaweza. Lakini kumbuka kwamba kwa hesabu ya Polybius, katika watu takriban 5,700 waliokufa upande wa Hannibal siku ile, 4,000 hivi walikuwa Wagalia. Ukianzia hapo umewapata Wagalia wakiwa ngao ya mtu mwingine, na itakuchukua sura nyingi kuwatoa kwenye nafasi hiyo.

Hatua ya 2: Andika jirani anataka nini

Chukua karatasi, andika orodha. Carthage inataka bati, kwa sababu bila bati hakuna shaba nyeusi. Inataka dhahabu, ngozi, nyama ya chumvi, watumwa, na zaidi ya yote inataka askari, maana raia wake wenyewe si wengi wa kujaza majeshi. Wagalia wanataka divai, vyombo vya kifahari, mafuta, na kitu ambacho waandishi husahau: heshima ya kuonekana wanavyo.

Uiweke orodha hii ukutani. Kila sura utakayoandika, bidhaa moja angalau iwe inasafiri ndani yake.

Hatua ya 3: Chora mito kabla ya mipaka

Usianze na ramani yenye rangi za makabila. Anza na maji. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliisifu Galia kwa jinsi mito yake ilivyopangika, hata mzigo ukatoka bahari moja hadi nyingine kwa safari fupi tu ya nchi kavu katikati.

Njia zako ni mbili. Ya kwanza inapanda Rhône kutoka karibu na Massalia, inaingia Saône, kisha mzigo unabebwa nchi kavu hadi Seine au Loire. Ya pili inaanzia karibu na Narbonne ya leo, yaani Narbo ya kale, inafuata bonde la Aude, inavuka kizingiti cha Naurouze chenye kimo cha mita 190 hivi tu, inashukia Toulouse, kisha Garonne inaipeleka hadi Bahari ya Atlantiki. Bati la Cornwall, kusini-magharibi mwa Britania, kwa maelezo ya Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki, lilivushwa bahari hadi Galia na kubebwa na farasi siku 30 hivi mpaka mdomo wa Rhône.

Weka alama moja ya ziada kwenye mdomo wa Loire: mji wa Corbilo. Polybius aliutaja pamoja na Massalia na Narbo miongoni mwa miji bora ya sehemu zile. Mkubwa mmoja wa Kirumi wa ukoo wa Scipio aliwauliza wafanyabiashara wa miji hiyo mitatu kuhusu Britania, na hakuna aliyemwambia la maana. Mimi siamini hata kidogo kwamba hawakujua. Mfanyabiashara gani humwonyesha mgeni kisima chake?

Mzigo wa bati ukifika Corbilo unaweza kupanda Loire kuelekea Rhône na Massalia, au kufuata pwani hadi Garonne na kuelekea Narbo. Mtu anayesimama hapo ana uamuzi mkononi, na hadithi yako inaanzia kwake.

Hatua ya 4: Hesabu milango

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo mzima, kwa hiyo nivumilie.

Galia ilikwisha kuishi kando ya wafanyabiashara wakubwa kabla ya Roma, na tunajua iliishaje. Wagiriki kutoka Phocaea waliijenga Massalia mnamo 600 KK. Ndani ya vizazi vichache wakuu wa bara walitajirika kupindukia. Huko Heuneburg, kwenye mto Danube wa juu, mtawala mmoja alijenga ukuta wa matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, kwa mtindo wa Mediterania, katika nchi ya mvua ambako hakuna aliyejenga hivyo. Huko Vix, karibu na chanzo cha Seine, mwaka 1953 lilifukuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa mnamo 500 KK. Alizikwa na mkufu wa dhahabu na chombo cha shaba nyeusi cha kuchanganyia divai, kimo chake mita 1.64 na uzito wake kilo 208. Kilisafirishwa kikiwa vipande, vikiwa na herufi za Kigiriki za kuonyesha kipi kinapachikwa wapi.

Kisha, kufikia katikati ya karne ya 5 KK, vituo hivi vimefifia. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Kwa mwandishi, somo linalofaa kazi yetu ni hili: ukuu uliojengwa juu ya zawadi kutoka mlango mmoja unategemea mlango huo kubaki wazi. Mkuu wa Vix aligawa divai, watu wakamfuata. Divai ikipita kwingine, nao wanapita kwingine.

Karne nne baadaye mlango ulikuwa mmoja tena, safari hii wa Roma. Cicero, wakili na mwanasiasa wa Kirumi, akimtetea gavana wa zamani aliyeshtakiwa na Wagalia kwa mambo yakiwemo ushuru wa divai, alijigamba kwamba Galia imejaa wafanyabiashara wa Kirumi, na kwamba hakuna sarafu inayosogea huko bila kuandikwa kwenye daftari za raia wa Roma. Alisema hivyo mnamo 69 KK. Miaka kumi na moja baadaye Caesar aliingia na majeshi. Daftari zilikuwa zimetangulia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi moja, jiulize kila kabila lina milango mingapi. Lenye mmoja ni mteja. Lenye miwili linaweza kumgeuzia mnunuzi kisogo, na hapo ndipo maendeleo yake yanakuwa yake. Tukio letu la 241 KK linafanya kazi hii: Carthage yenye nguvu inafungua Narbo, Massalia inabaki na Rhône, na makabila ya katikati yanaanza kupandisha bei.

Usiiruhusu Carthage iishinde Massalia katika sura ya tatu. Najua utatamani. Ukiiruhusu umefunga mlango mmoja, na umerudi Vix.

Hatua ya 5: Mpe mtu ushuru wa mto

Strabo anasema makabila mawili ya Galia, Waedui na Wasequani, walikuwa maadui, na mto Saône ukauongeza ugomvi, kila mmoja akidai ushuru wa kupita ni wake. Caesar anamtaja Dumnorix wa Waedui, aliyenunua haki ya kukusanya ushuru wa kabila lake kwa bei ya kutupa kwa sababu alipotaja bei yake hakuna aliyethubutu kuipanda. Kwa fedha hiyo alilisha kikosi chake mwenyewe cha wapanda farasi. Huyo ni mhusika aliyekamilika. Huna haja ya kumbuni, tengeneza tu watu wa kufanana naye katika karne yako.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa ana faida. Neno letu hongo, kabla halijawa rushwa, lilikuwa malipo ambayo misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora iliwalipa watemi wa Ugogo ili ipite na kupata maji. Anayejua jinsi msafara ulivyoweza kukaa siku kadhaa ukibishania hongo ya doti za nguo anaelewa Saône kuliko msomaji aliyelelewa na ramani za vita peke yake. Andika majadiliano hayo polepole. Yana kejeli, kujisahaulisha, wagonjwa wa uongo, na mzee anayekumbuka babu yake alilipwa kiasi gani.

Hatua ya 6: Usiazime Galia ya Caesar

Kosa la kawaida kuliko yote. Karibu kila tunachodhani tunakijua kuhusu Wagalia kinatoka kwa Caesar na Posidonius, mwanazuoni wa Kigiriki, yaani karne ya 1 KK au muda mfupi kabla. Hadithi yako inaanza 241 KK. Bibracte, mji wa Waedui juu ya mlima Beuvray, haujajengwa. Miji ile mikubwa yenye ngome za magogo, mawe na misumari ya chuma ni ya mwishoni mwa karne ya 2 KK na baada yake. Lugdunum, yaani Lyon, ilianzishwa na Warumi mwaka 43 KK. Usiitaje kabisa, maana katika dunia yako pengine haitakuwepo.

Mwaka 241 watu wanaishi vijijini na katika vituo vya mafundi visivyo na kuta. Hilo ni zawadi kwako. Utaamua mwenyewe miji itaota wapi. Mimi ningeiweka kwenye njia panda za mizigo, na ningeiacha bila kuta kwa vizazi viwili ili nione nani ataogopa kwanza.

Uwe pia mwangalifu na vyeo. Waedui wa wakati wa Caesar walikuwa na hakimu mkuu wa mwaka mmoja, aliyeitwa vergobret, asiyeruhusiwa kutoka nje ya mipaka ya kabila. Na baba yake Vercingetorix, Celtillus, aliuawa na watu wake kwa kutaka ufalme. Makabila kadhaa, basi, yalikuwa yanahama kutoka ufalme kwenda utawala wa wakubwa kwa zamu. Carthage nayo ilikuwa na mahakimu wawili wa kila mwaka, masufeti. Katika dunia yako mfano huo unafika mapema na mtu anauiga. Je, hao wawili mmoja atakuwa wa njia ya Rhône na mwingine wa njia ya Garonne? Hilo nakuachia, mimi kwenye rasimu yangu nimelitumia na limenipa ugomvi wa sura nne.

Hatua ya 7: Ifanye divai iwe na uzito

Diodorus anasema wafanyabiashara wa Italia walipeleka divai kwa mashua na mikokoteni, na kwa mtungi mmoja walipewa mtumwa mmoja. Mtungi wa Italia wa wakati ule ulibeba lita 25 hivi, na mtungi mtupu wenyewe ulikuwa na uzito wa karibu kilo 25. Usipite haraka hapo. Mtu mzima kwa lita 25. Mwanahistoria atakuambia kwamba kwa Mgalia mtumwa hakuwa na soko kubwa la ndani na divai ilikuwa adimu, kwa hiyo kila upande uliona umempunja mwenzake. Ni kweli, na bado yule mtumwa alikuwa na mama. Hadithi yako ikiwa na wafanyabiashara na haina mateka hata mmoja mwenye sauti, umeandika tangazo la biashara.

Fikiria pia wingi. Merikebu moja iliyozama Madrague de Giens, pwani ya kusini mwa Ufaransa, katika karne ya 1 KK, ilikuwa na mitungi kati ya 6,000 na 7,000. Merikebu moja!

Divai hiyo ilikuwa siasa. Luernios, mfalme wa kabila la Waarverni katika karne ya 2 KK, alipita na gari la farasi akiwarushia watu dhahabu na fedha, na akatengeneza uwanja mkubwa wa mraba wa karamu uliojaa vinywaji vya thamani, wazi kwa yeyote. Kila mtungi unaoingia ni kura.

Sasa swali litakalogeuza riwaya yako katikati: lini Wagalia wanaanza kupanda mizabibu yao wenyewe? Justin, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba watu wa Massalia ndio waliowafundisha majirani zao kupogoa mizabibu na kupanda mizeituni. Lakini Cicero, katika maandishi yake kuhusu dola, anamwandika mzungumzaji mmoja akikiri kwamba Warumi waliwakataza watu wa ng'ambo ya Alps kupanda mizeituni na mizabibu ili mashamba ya Roma yapate thamani. Taifa la biashara halikatazi vita kwa nguvu kama linavyokataza kilimo cha kile linachouza.

Carthage ilikuwa na Mago, mwandishi wa vitabu 28 vya kilimo, ambavyo baada ya mji kuteketezwa mwaka 146 KK baraza la Roma liliamuru vitafsiriwe. Katika dunia yako hakuna mwaka 146. Anayetaka kumsoma Mago itabidi aibe. Kijana wa Kigalia aliyefanya kazi katika shamba la karibu na Tunis ya leo, anarudi kwao na vijiti vya mzabibu vilivyofungwa kwenye sufu yenye unyevu: hiyo ni sura yenye hatari kuliko kuvuka Alps kwa tembo.

Hatua ya 8: Amua wataandika kwa herufi gani

Wagalia wa kweli walitumia herufi za Kigiriki walizozipata Massalia. Wadruidi, makuhani wa Wagalia, ambao wanafunzi wao Caesar anasema waliweza kukaa hadi miaka 20 wakikariri, walikataza mafundisho yao yasiandikwe, lakini hesabu na mambo ya kawaida yaliandikwa. Katika kambi ya kabila la Wahelvetii mwaka 58 KK zilipatikana orodha za watu kwa herufi za Kigiriki: jumla 368,000, kwa mujibu wa Caesar.

Ukiwapa herufi za Carthage, ujue unachokifanya. Maandishi ya Kifoinike hayakuandika irabu, na lugha ya Kigalia ilibeba sarufi kwenye miisho ya maneno. Aliyewahi kusoma muswada wa utenzi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anaijua shida hii mwilini: herufi zilizotengenezwa kwa lugha nyingine, irabu zinazotegemea kumbukumbu ya msomaji, sauti zetu zisizo na herufi yake. Ilifanya kazi, ila kwa marekebisho na kwa watu waliokuwa tayari wanayajua mashairi. Kwa hiyo mwandishi wa ushuru wa Garonne ataandika namna moja, wa Rhône namna nyingine, na mkataba mmoja utasomwa kwa maana mbili. Kesi mahakamani inaanzia hapo.

Na mahakama unayo tayari. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba katika mapatano ya Hannibal na Wagalia iliwekwa hivi: Mgalia akiwa na malalamiko dhidi ya mtu wa Carthage, majemadari wa Carthage walioko Hispania ndio wataamua, mtu wa Carthage akiwa na malalamiko dhidi ya Mgalia, wataamua wanawake wa Kigalia. Inawezekana ni ngano. Ngano hiyo ni ya thamani kuliko ukurasa wa takwimu, itumie.

Hatua ya 9: Warudishe wanaume waliokwenda vitani

Kwa vizazi vingi vijana wa Kigalia waliuza mikuki yao nje. Waliipora Roma mwanzoni mwa karne ya 4 KK. Mwaka 279 KK waliishambulia Delphi, na mwaka uliofuata wengine wakavukia Asia Ndogo wakakaa. Hao ndio walioipa jina Galatia, nchi ya waraka wa Paulo unaousikia kanisani. Wengine walimtumikia yeyote mwenye dhahabu, ndiyo maana sarafu za kwanza za Galia ni nakala za sarafu ya Philip II wa Makedonia.

Autaritus alikuwa kiongozi wa Wagalia katika jeshi la Carthage. Polybius anasema alikuwa na sauti kwenye mikutano ya waasi kwa sababu alikaa jeshini muda mrefu hadi akajifunza lugha ya Carthage, lugha ambayo askari wengi walau waliielewa. Katika historia ya kweli aliishia msalabani. Katika yako amelipwa mshahara wake wote, ana miaka arobaini na kitu, anazungumza lugha mbili, na anapanda Garonne na mizigo kurudi nyumbani. Nani ataoa kwake? Nani atamkopa? Sarafu zake zina sura ya mungu mke Tanit upande mmoja na farasi upande wa pili, na farasi huyo kijijini atapendwa mno.

Hatua ya 10: Usiwasahau waliofunga mlango

Wanervii wa kaskazini hawakuruhusu mfanyabiashara kuingia kwao wala divai kuletwa, wakiamini vinalegeza watu. Caesar mwenyewe ndiye anayewasifu kwa hilo, halafu akaenda kuwachinja. Katika dunia yako wape kabila kama hilo hoja nzuri, si ushamba. Wawe wanasema kweli nusu ya wakati.

Hatua ya 11: Safisha majina na chakula

Carthage ilirudia majina yaleyale: Hanno, Hannibal, Hasdrubal, Hamilcar, Mago. Mpe kila mmoja jina la utani mapema au msomaji atapotea. Kwa Kigalia, *-rix* ni mfalme, *dunon* ni ngome, *magos* ni uwanja au soko. Ukitaka mji mpya wa soko tayari una Noviomagus. Jina la Carthage nalo maana yake ni Mji Mpya, na neno lake la "mpya" lina undugu na neno la Kiarabu lililotupa sisi *hadithi*. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu.

Mezani usiweke viazi, nyanya wala mahindi. Weka nguruwe wa chumvi, bia ya ngano yenye asali, mikate, jibini. Farasi hawana vikuku vya kukanyagia.

Hatua ya 12: Anza kwenye mizani

Ukurasa wa kwanza usiwe na vita. Weka watu wawili wanaotaka kitu kimoja mbele ya mtu wa tatu mwenye nacho. Mimi nilianza hivi, Corbilo, mwaka 214 KK:

*Siku ya tatu bati lilikuwa bado ufukweni, na mvua ilikuwa imeanza. Mnunuzi wa Massalia aliapa kwamba jiwe lake la kupimia lilichongwa na baba yake. Mnunuzi wa Carthage hakuapa. Aliliweka lake juu ya meza kama mtu anayeweka jino lililong'oka. Mama mwamuzi alikuwa akila. Alipomaliza alijifuta mikono, akalichukua jiwe hili na lile, akayaweka kwenye vikombe viwili vya mizani, yanatazamana. Kikombe kimoja kikashuka. Vijana wa forodha wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa jicho.*

*"Wa Massalia atanunua kwa jiwe la Carthage," akasema. "Wa Carthage atanunua kwa jiwe la Massalia. Ushuru wetu tutaupima kwa lile zito."*